Uwanda Uliovaa Jina la Bonde

Walichokitaka kwa Songoro ni mdomo wake. Mwili uliokuja na mdomo huo, ile miguu iliyopasuka kama tope la kiangazi, kile kikohozi, lile koti la askari wa vita ambavyo yeye hakupigana, hivyo vyote kwao vilikuwa ganda la karanga. Utafanyaje? Karanga haiji uchi. Unalipokea ganda, na macho yako tayari yanatafuta pa kulitupa.

Alifika uwandani jua likiwa limesimama. Limesimama kwelikweli, si maneno ya kupamba. Katika nchi ile jua lilikuwa na desturi ya kusahau kazi yake, likakaa utosini mwa watu mpaka mtu alikumbushe kwa matusi. Hayo yalianza zamani, Wapimaji walipopita na minyororo yao na vigingi vyao, wakayavuna majina ya mahali kama mtu avunavyo shamba lisilo lake, wakaacha mabua. Tangu hapo vitu vililegea. Kilima ulichokiacha kushoto ukienda kisimani, unakikuta kushoto ukirudi. Mtu anatoka kijana kwenda kuchanja kuni, anarudi na ndevu nyeupe, na nyumbani chai yake bado inatoa moshi. Watu walizoea. Binadamu huzoea kila kitu, na hilo ndilo linalomfanya atawalike.

Songoro hakuzoea. Ndiyo maana alikuwa hakai. Alizunguka nchi nzima, akifundishwa kusoma hapa, kuhesabu kule, elimu ya viraka kama kanzu ya kichaa, na kila alikopita alitafuta mahali palipovuliwa jina, akaliita jina lake, akangoja liitikiwe. Swali lililomsukuma lilikuwa moja tu, na aliwahi kumuuliza kila mtu, wenye vilemba na wenye vichupa: mtu aliyezaliwa mahali ambapo hapapo, je, yeye yupo? Wenye vilemba walimpa sadaka. Wenye vichupa walimpa funda. Jibu hakupewa. Na siku hizi alikuwa anafifia. Si kwa uzee. Watu walimsahau wakiwa bado wanamtazama, na kivuli chake kilikuwa kimebaki chepesi kama doa la chai lililofuliwa vibaya.

Mtu wa kwanza kumwona pale uwandani alikuwa mwanamke aliyekuwa anamwaga maji ya vyombo mlangoni. Aliyamwaga, kisha ndipo akamtazama ni nani aliyelowa.

"Wewe ndiye ule mdomo?"

"Hujambo, mama."

"Sijambo ya nini? Nimekuuliza."

"Ndiye mimi."

"Nilidhani utakuwa mkubwa kuliko hivyo." Akaweka sufuria chini. "Mimi naitwa Mama Sijaona. Njoo umwone Sijaona mwenyewe kabla hujaanza ujuzi wako."

Akampeleka kando ya njia. Uwanda wote ule ulikuwa mweupe kwa chumvi, na juu ya weupe ule kulikuwa na matuta, matuta mafupi, mengi, yamepangwa kwa upendo na watu wasio na mawe ya kujengea. Juu ya kila tuta palikuwa na kikombe kilichofunikwa. Mama Sijaona akainama, akakinyanyua kikombe kimoja, akapangusa chumvi kwa pindo la kanga, akakirudisha.

"Huyu ndiye. Wale pale ni wa jirani. Wale kule sijui ni wa nani, lakini nawapangusia. Wote tuliwazika tukiwaambia, lala Yolobari, mwanangu, lala Yolobari. Umesikia? Leo utalisema jina, shemeji yako atalijibu, utapewa ndoo ya maji matamu, utaondoka. Usikae. Watu wa kukaa tunao."

Songoro alitazama matuta.

*

Nieleze hapa, maana wengine mmekuja katikati. Watu wa nchi ile walikuwa koo mbili, Waitaji na Waitikiaji. Mwitaji hurithi majina ya mahali. Mwitikiaji hurithi maana zake. Mwitaji hajui maana, na Mwitikiaji, hata ajue jina, haruhusiwi kulianza. Mpaka wafike wote wawili, wasimame palepale, mmoja aite na mwingine aitikie. Hapo ndipo mahali panapokuwa mahali. Wazee waliogawa hivyo hawakuwa wajinga. Walijua kwamba mtu mmoja akishika jina na maana, kesho ataishika na ardhi. Basi walilipasua jina kama kokwa, nusu huku na nusu kule, wakaamuru koo hizo zioane, zitaniane, zigombane zikitaka, lakini zisiachane.

Na Wapimaji wangejuaje hayo? Walipofika walimkuta babu yake Songoro ameketi. Wakamuuliza, Yolobari ni wapi? Sasa, kwa watu wale, kunyooshea mahali kidole ni ufidhuli, ni sawa na kumtia mtu kidole jichoni. Mahali huonyeshwa kwa mdomo: unasukuma midomo mbele, kidogo, kwa adabu. Babu akasukuma midomo kuelekea bondeni, nyuma ya kilima, kwenye miti yenye magome yanayobanduka kama karatasi na ndege weusi wenye shingo ndefu. Lakini mkono wake ulikuwa unafukuza nzi. Wapimaji hawakutazama mdomo. Waliufuata mkono. Wakaenda ulikoelekea, uwandani, kwenye chumvi tupu, wakapiga kigingi, wakaandika: Yolobari.

Babu akacheka. Akawaita wenzake, wakacheka wote. Wamechukua chumvi! Wamelivisha jua koti! Hawakuwasahihisha. Walidhani ni ushindi. Kicheko kile kiliwachukua msimu mzima, kilisimuliwa harusini, watoto walikiigiza, mmoja anakuwa nzi na mwingine anakuwa Mpimaji. Mpaka siku walipokuja askari kuwahamisha kutoka bondeni, wakaambiwa nendeni kwenu, kwenu kumeandikwa, kwenu ni Yolobari. Wakapelekwa uwandani. Basi hawa wote unaowaona, nyumba zao za bati, visima vyao vichungu, watoto wao waliokufa kwa kunywa maji ya visima hivyo, wote wanaishi ndani ya kicheko cha babu yake Songoro.

*

Mize, shemeji yake, alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya nyumba, anakwangua sufuria. Maji ya uwanda ule ukiyachemsha huondoka yenyewe na kukuachia chumvi yake. Alikuwa Mwitikiaji wa mwisho, kama Songoro alivyokuwa Mwitaji wa mwisho, na walichukiana kwa raha, kama watu wenye kazi ya kudumu.

"Hodi, shemeji."

"Hodi ya nini na umeshaingia? Dada yangu alikuwa akisema hivyohivyo: Songoro hugonga mlango akiwa ndani."

"Dada yako alinikaribisha."

"Dada yangu amekufa. Mwenye akili ndiye niliyebaki." Akakwangua. "Umechakaa. Hata kukutukana inabidi nikaze macho nisikupoteze."

Songoro akachuchumaa. Hakupewa kiti, wala hakutazamia.

"Nimeambiwa utaitikia leo. Hapa, uwandani."

"Nitaitikia."

"Hapa sipo penye jina hilo, Mize."

"Unamfundisha nani? Mimi? Wewe unachojua ni sauti, bwana. Kelele. Maana ninayo mimi, nayo inaniambia kila siku kwamba hapa sipo. Naamka nayo. Nalala nayo. Inanichoma kama punje ya mchanga jichoni."

"Basi kwa nini?"

Mize akaweka kijiko chini. Akasukuma midomo yake, taratibu, kuelekea matuta.

"Kwa sababu ya hao."

Songoro akasema, kwa ile sauti ya watu waliosoma methali na kulala nje nazo: "Mwacha asili ni mtumwa."

"Lo! Mwacha asili!" Mize alicheka bila meno wala furaha. "Asili ni ipi, ile uliyozaliwa au ile uliyozika? Wewe una maiti mmoja bondeni. Sisi tuna uwanda mzima. Ukilichukua jina, hawa watoto wamelala wapi? Niambie. Mama akija na kikombe chake aseme lala wapi? Lala chumvini? Lala penye kosa la Wapimaji?"

"Mama yangu yuko kule."

"Mama yako amekufa siku nyingi, hata funza waliomla wana wajukuu."

Lilikuwa tusi la haki. Shemeji ana ruhusa. Hata hivyo lilimwingia, na kivuli chake kikatikisika ardhini kama kitambaa kilichopigwa na upepo.

"Nimezaliwa kule," akasema. "Goti la mama yangu lilishika ule mchanga. Kama kule hapana jina, mimi nilitoka wapi? Nitazame, Mize. Kaza macho. Naisha."

"Naona. Isha."

"Na kule watafanya nini?"

Hapo Mize aligeuza uso. Ndipo Songoro alipojua kwamba kuna kitu. Akamwuliza tena. Mize akamjibu akiiambia sufuria.

"Bwana Kigingi wa Serikali ametangaza kwenye kipaza sauti. Jina likishafungwa hapa, malori yanaanza. Kifusi cha mji wao wote kinatafuta pa kulala. Amri inasema: lijazwe eneo lisilo na jina. Basi."

"Mpaka juu?"

"Mpaka juu."

"Na ulijua."

"Nilijua. Nimechagua. Wewe umewahi kuchagua nini maishani mwako, zaidi ya njia ya kuondokea?"

*

Jukwaa lilikuwa la mbao mpya, na juu yake palisimama kibao kilichofunikwa kitambaa. Bwana Kigingi alikuwa mtu wa Serikali ya Vigingi; jina lake halisi hakuna aliyejali kulijua. Alikuwa na tabasamu la kudumu, kama mlango ulioharibika bawaba. Watu walikuwa wamejaa, wamevaa vizuri, wamepaka watoto mafuta. Usiwacheke. Mtu aliyepewa kitu kibaya akakaa nacho, akakifanya kizuri kwa mikono yake, humchokozi bure.

Bwana Kigingi akamwonyesha Songoro kibao kwa chati, akainua pembe ya kitambaa. Chini ya jina waliandika: Mahali pa Furaha.

"Furaha?" Songoro aliuliza. "Mmeitoa wapi?"

"Tulitafuta maana yenye kuvutia, mzee. Wageni hawaji mahali pa majonzi."

"Mwenye maana yuko hai. Yule pale. Mngemuuliza."

"Tulimuuliza. Alitutukana. Tukaona tusimsumbue." Kisha, kwa sauti ya chini, tabasamu likiwa palepale: "Mavi ya kale hayanuki, mzee wangu. Usiyachokoe. Ita, ule, uende."

Wakampandisha. Mize akasimama upande wa pili, mikono imekunjwa. Mama Sijaona alikuwa mbele kabisa, ameshika kikombe kile, safi, tupu.

Songoro akafungua mdomo.

Na hapo jua likasahau tena. Kila kitu kilisimama, nzi hewani, vumbi hewani, na ndani ya kusimama huko yeye peke yake alikuwa anatembea, ndani ya kichwa chake, kutoka ukuta hadi ukuta. Jina liko ulimini. Lina ladha ya chuma. Nikiliita hapa litashika, lina gundi, yule mwanamke atalifunga kwa maana. Hawa watalala salama. Ni wema. Ni wema, Songoro, kubali, na wewe hujafanya wema mwingi. Lakini ni wema gani unaoanza kwa uongo? Wengi. Karibu wote. Nani alisema ukweli ni mtamu? Aliyesema alikuwa ameshiba. Mimi nikiisha, nani atapungukiwa? Hakuna. Mama atapungukiwa. Mama ni mifupa. Na mifupa ile haina haki, na hii inayo? Bonde halikuomba kuzaa. Nzi. Yote kwa sababu ya nzi. Mdomo ulielekea kule. Kwa nini mzee yule hakusema, jamani, si huko? Alicheka. Akanyamaza. Nami nikiita hapa, ninacheka kile kicheko mara ya pili. Ndiyo. Ndicho ninachofanya. Babu alinyamaza mbele ya Wapimaji, mimi nitanyamaza mbele ya watu wake mwenyewe.

Akafunga mdomo.

"Hapa sipo," alisema. Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa kinywani, kikalimwaga neno uwanda mzima. "Jina hili si la hapa. Ni la bonde. Mkono ulikuwa unafukuza nzi."

Ndege mmoja alipita juu.

"Amesemaje?" mtu akauliza.

"Anasema hatupo."

"Anasema nini?"

"Anasema wanangu hawapo!"

Donge la kwanza la chumvi lilimpata sikioni. La pili lilitoka kwa mzee mwenzake, mtu wa umri wake, aliyerusha huku analia. Mama Sijaona hakurusha kitu. Alipanda jukwaani, akamtemea mate usoni, akashuka na kikombe chake. Songoro akakimbia. Alikimbia kama alivyojua kukimbia, mtu wa njia tangu utotoni, koti likipepea, na nyuma yake sauti zikimwita mbwa, mchawi, msaliti, mtoto wa kicheko.

*

Bondeni hapakuwa na mtu. Hapakuwa na uzuri pia, nisije nikawadanganya. Chemchemi ilikuwa imezibwa na majani, magome ya ile miti yamelala chini kama nyaraka zilizotupwa na ofisi. Ndege weusi walimtazama, wakaendelea na shughuli zao. Ng'ambo ya kilima malori yalikuwa yanaunguruma, yanapanga foleni. Bwana Kigingi hakungoja tena jina lifungwe. Aliyapigia filimbi yatoke.

Songoro akaokota mchanga, akausugua kwapani, jasho lake likaungana nao, akautupa pale palipokuwa na unyevu. Ndivyo walivyofanya wazee: maji ni vipofu, huwajua watu kwa harufu. Akasimama. Akakohoa. Akaita.

"Yolobari!"

Jina liliondoka mdomoni mwake kama jiwe linavyotoka kwenye teo. Likazunguka bonde. Halikutua. Jina lililoitwa mahali pake haliwezi kutua bila mwenzake. Huzunguka, na kila Mwitikiaji aliye karibu humwasha masikioni, ni kama chafya iliyozuiwa, huwezi kula wala kufikiri mpaka uitoe. Songoro alijua. Alikuwa anamtega Mize, na alijua kwamba ni ukatili.

Mize alitokea kileleni anahema, kanga imemvuka, ameshika masikio yote mawili.

"Mshenzi wewe!" alipiga kelele. "Mshenzi mzee! Lishushe!"

"Siwezi kulishusha. Unajua."

"Nitaziba masikio mpaka nife!"

"Ziba."

Aliziba. Alikaa chini, akauma kanga. Akatingisha kichwa, akapiga miguu kama mtoto anayekatazwa kisu. Jina likazunguka, chini kidogo, chini zaidi, likamgusa nywele. Songoro hakumsogelea. Wala hakumwombea nafuu. Mwisho Mize alifungua mdomo na maana ikatoka yenyewe, kwa hasira, na mate, ilivyorithiwa, haikupungua neno:

"Hapa mama alipiga goti kuzaa. Goti likaacha shimo. Maji yakaja kuangalia ni nani analia."

Majani yaliyoziba chemchemi yakainuka kidogo, kama kifuniko cha chungu. Kilima kikakaa mahali pake, na tangu siku ile hakikuhama. Songoro akatazama chini, akaona kivuli chake: cheusi, kizito, chenye vidole. Akajishika uso. Ulikuwepo. Alitaka kulia, akaona si adabu mbele ya mtu uliyemuumiza.

"Ahsante, shemeji."

"Usinishukuru." Mize alijifuta mdomo kwa mgongo wa mkono. "Sikiliza."

Songoro akasikiliza. Hakusikia kitu. Malori yalikuwa yamenyamaza.

"Yamesimama," akasema.

"Yamesimama yanafikiri. Amri yao ni ipi? Walijaze eneo lisilo na jina. Hapa sasa pana jina." Akamtazama kwa mara ya kwanza siku ile bila kukaza macho. "Taja mahali pengine pasipo na jina katika nchi hii, ewe msafiri. Taja."

Mngurumo ukaanza upya. Ulikuwa unaondoka. Ulikuwa unageuka nyuma ya kilima, unaelekea uwandani.

*

Walipofika, lori la kwanza lilikuwa limeshamwaga. Matofali, vioo, milango ya nyumba za watu wasiojulikana, yote yamelalia nyumba ya mwisho. Lori la pili lilikuwa linarudi kinyumenyume kuelekea matuta. Dereva hakuwa mtu mbaya. Ukimtazama uliona uso wa mtu anayeota. Bwana Kigingi alikuwa ameketi jukwaani na kibao magotini, kibao kisicho na neno, herufi zimedondoka moja moja kama magamba, naye anaokota na kuweka, anaokota na kuweka. Watu walikuwa wanapita wakigongana. Mwanamume mmoja alisimama mbele ya mlango wake akiuliza huku ni kwa nani.

Na kina mama walikuwa wamelala juu ya matuta, kifudifudi.

Songoro akaingia katikati yao. Walimjua. Sasa uso wake ulionekana vizuri, na hiyo haikumsaidia. Mtu alimpiga mgongoni na kipande cha ubao. Mwingine alimvua koti, akalirarua. Alijiachia.

"Pengine palikuwa na jina la zamani," alimwambia Mize. "Jina la uwanda wenyewe, kabla ya nzi."

"Halikuwepo. Hakuna aliyewahi kukaa hapa. Hakuna aliyezaliwa hapa wala kuzikwa, mpaka sisi."

"Basi liitwe jipya."

"Na nani? Wewe?" Mize alicheka. "Una kitu gani hapa wewe cha kukupa haki ya kupaita?"

Hakuwa na kitu. Hapo ndipo alipoelewa, kwa uzito wa kivuli chake kipya, kwamba elimu yote aliyoizungukia nchi nzima haikutosha kupatia jina hata upana wa mkeka. Lori lilikuwa linarudi. Kikombe kimoja kilivunjika chini ya gurudumu.

Mama Sijaona akasimama. Alikuwa amejaa chumvi kuanzia paji la uso mpaka magotini, na kikombe chake kilikuwa mkononi. Alimtafuta Songoro kwa macho. Akampata. Akasema polepole, bila kuinua sauti, kama mtu anayempa mwingine kitu chenye makali:

"Paliponyang'anywa."

Watu wakageuka.

"Umesemaje, mama wee?"

"Hapa. Hapa tuliposimama. Naita. Paliponyang'anywa!"

Jina likapaa. Likazunguka juu ya mabati, likatafuta mwenzake. Wote wakamtazama Mize. Mize akakaa chini, akanyoosha miguu yake mbele, akakunja mikono.

"Mimi siitikii hilo," akasema. "Maana yake sinayo. Anayo huyo."

"Mimi ni Mwitaji," Songoro akasema. "Sijawahi. Hatuitikii sisi. Ukoo wangu haujawahi tangu..."

"Linakuwasha au halikuwashi?"

Lilikuwa linamwasha. Lilimwasha masikioni, mapuani, kwenye fizi. Lori lilikuwa limefika kwenye tuta la Sijaona, sanduku lake linainuka. Songoro akafungua mdomo, ule ule walioutaka jukwaani.

"Hapa alikuja mzee," alianza, "akachukua jina la watu. Lakini jina lenyewe lilikuwa..."

"Maana haina lakini!" Mama Sijaona akamkata. "Anza upya."

Songoro alijua kwamba maneno haya yatakaa baada yake, yatafundishwa, yatarithiwa, na kwamba hatakuwepo kuyaeleza. Akaanza upya.

"Hapa walikaa watu, wakazika watoto wao. Akaja mzee, jina lake Songoro, akawanyang'anya jina walilowalaza nalo, akampelekea mama yake."

Jina likatua.

Dereva akazima injini. Akateremka, akajipangusa uso kwa kofia, akatazama huku na huku kama mtu aliyeshushwa kituo kisicho chake. "Samahanini, jamani," aliuliza. "Hapa ni wapi?"

Wakamwambia. Akauliza maana yake ni nini, na sauti nyingi zikamwambia hiyo pia, kwa pamoja, tayari wameikariri, na wengine walimsukumia Songoro midomo ili dereva ajue ni yupi. Dereva alimtazama kwa chuki ya mgeni, ambayo ni chuki safi kabisa kwa kuwa haijui kitu.

Mama Sijaona alikuwa amepiga magoti. Alikirudisha kikombe juu ya tuta, akakifunika, akasema neno moja kwa chini, lile jipya, akilizoeza mdomo. Kisha akanyanyua kichwa.

"Kila mtoto atakayezaliwa hapa ataambiwa," alimwambia. "Na watoto wake. Mpaka mwisho wa dunia utakuwa mwizi wetu."

"Wataniita kwa jina langu?"

"Kwa jina lako. Na la baba yako tutaliuliza."

Songoro akaokota kipande cha koti lake, akakitikisa chumvi.

"Waambiwe," akasema.